Kutu haina siku ya kupumzika

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna motokari ya zamani, nakuomba jambo moja. Siku ukipata nafasi, lala chini kando yake uangalie tumbo lake. Wengi wetu tunajua kuosha vioo na kusugua milango mpaka iangaze, lakini tumbo hatulijui. Na huko ndiko adui anakokaa.

Mimi nilimjua adui huyu nikiwa bado kijana wa shule, hapa Kalemie, kwa njia ya pikapu ya baba yangu. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Asubuhi ilitoa ndagala na migebuka ufukoni na kuipeleka sokoni. Mchana ilibeba simenti, mihogo na magunia ya chumvi. Siku ya kilio ilibeba watu wa mtaa bila malipo. Minervali ya sisi watoto wanne ilitoka katika pine zake.

Mwaka 2021 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika sehemu za mji zilizo karibu na ufuko na mto Lukuga. Siku zile batri ya pikapu ilikuwa imekufa, nayo ikakaa ndani ya maji siku mbili, mpaka chini ya milango. Tulipoitoa, baba aliiacha juani, akatafuta batri ingine, ikawaka. Tukapiga makofi. Tulifikiri mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yalianza.

Zilipopita mvua za mwaka mmoja, rangi ya chini ya milango ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua moto. Mdogo wangu akabonyeza kivimbe kimoja kwa kidole, unga mwekundu ukaanguka. Baba akapeleka motokari kwa mtu mmoja wa kupaka rangi. Yule akajaza mastiki, akapaka rangi ya bluu, na pikapu ikatoka pale kama bibi arusi. Miezi sita haikutimia, vivimbe vikarudi, tena vikubwa kuliko vya kwanza.

Mama akaangalia, akatikisa kichwa: "Baba watoto, uko napaka poda juu ya kidonda."

Baba akanyamaza. Pesa za kununua motokari ingine hazikuwako. Ndipo alipomwita mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya mabati ya motokari miaka mingi. Sisi tulimwita Babu. Mambo mengi ninayoandika hapa nilianza kuyasikia kwake, nami nikayafuata baadaye kwa mikono yangu.

KUTU NI KITU GANI?

Watu wengine wanafikiri kutu ni uchafu unaotoka nje na kukaa juu ya chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa, kinaanza kurudi katika hali inayofanana na ile kilivyokuwa ardhini kabla ya kuchimbwa. Ninyi mnaokaa penye migodi mtanielewa upesi: mawe ya chuma yana rangi nyekundu, na kutu ina rangi nyekundu. Watu walitia moto mwingi ili jiwe liwe chuma, na maji yanakirudisha nyuma polepole.

Kumbukeni mambo matatu. La kwanza, ni lazima maji na hewa viwepo pamoja. Ukizuia kimoja, kutu inasimama au inapunguza mwendo. La pili, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo sababu rangi inavimba na kupasuka. La tatu, kutu ina matundu madogo kama sifongo, inashika maji. Kwa hiyo mahali palipokwisha kupata kutu panaendelea kuliwa hata juu pakionekana pakavu.

Chumvi inaongeza mbio. Maji yenye chumvi yanafanya kazi ile ya kula chuma iende haraka zaidi. Sisi wa Kalemie tuna bahati: ziwa letu si bahari, maji yake ni matamu. Lakini tunajiletea chumvi wenyewe. Samaki wa chumvi wanadondosha maji yao ndani ya sanduku la pikapu. Magunia ya chumvi inayovuka ziwa kutoka upande wa Tanzania, ambako Uvinza inajulikana kwa chumvi tangu wakati wa mababu, yanaacha punje katika pembe za bati. Mvua ikinyesha juu yake, kazi inaanza.

Ndugu wa Likasi na Kolwezi, kwenu kuna jambo lingine. Asidi inayotumiwa kutengeneza shaba na kobalti inakula chuma vikali. Motokari inayobeba bido za asidi, au inayopita ndani ya matope yaliyoguswa na asidi, inahitaji maji safi mengi siku ileile, wala si Jumamosi ijayo. Na batri ya motokari nayo ina asidi: angalieni kibati kinachoikalia, mara nyingi kinatoboka mbele ya vyote.

SOMO LA MELI ILIYOLALA CHINI YA MAJI

Babu alipoona baba amekata tamaa, hakuanza na motokari. Alituonyesha ziwa kwa kidole akasema: "Munajua habari ya Liemba?"

Habari hiyo ni ya kweli, na inagusa mji wetu. Wadachi walijenga meli kubwa ya chuma huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku kama 5,000, vikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Wakaiunga tena, wakaishusha majini mwezi wa pili 1915, kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa vita kuu ya kwanza. Upande wetu, kwenye mdomo wa Lukuga, Wabelgiji walikuwa na kambi yao, na Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou. Mwezi wa sita 1916 ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka upande huu kwenda kutupa mabomu Kigoma.

Wadachi walipoona wanashindwa, hawakutaka meli yao ishikwe. Mwezi wa saba 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa amri ya kuizamisha walikuwa ndio waliokuja kuijenga, nao walitumaini kwamba siku moja itatoka. Kabla ya kuizamisha walipaka mashini zake grisi nene.

Waingereza waliitoa majini mwaka 1924. Mashini zilikuwa zimekaa chini ya ziwa karibu miaka minane, zikaonekana bado zinafaa kazi. Mwaka 1927 meli ikaanza safari tena kwa jina jipya, Liemba, na iliendelea kubeba abiria na mizigo mpaka karne hii ya 21.

Babu akamwambia baba: "Papa, ile grisi haikuwa dawa ya ajabu. Ilikatazaka tu maji kugusa chuma. Na wewe ufanye vile."

Somo lote liko pale. Njia za bei ndogo haziponyi kutu. Zinazuia maji yasiguse chuma kwa muda. Muda ukiisha, unarudia. Anayekuambia kwamba kwa kopo moja amemaliza kutu ya motokari yako milele, huyo anakudanganya.

KUTU INAANZIA WAPI?

Motokari nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumikia watu wengine, Ulaya au Japani. Katika nchi zile za baridi watu wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo motokari inaweza kufika bandarini ikiwa safi juu, lakini chini imekwisha kuanza kuliwa. Usinunue bila kuinama.

Hata Land Rover za zamani, zile ambazo wamisionari wengi walizipenda, zisiwadanganye. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa haba baada ya vita, basi mabati mengi ya mwili yalifanywa kwa aluminyu, ambayo haishiki kutu nyekundu. Lakini shasi ni ya chuma. Utakuta mwili unasimama vizuri na shasi imeoza chini yake.

Haya ndiyo maficho ya kutu, yaangalieni moja moja:

Chini ya milango, mahali penye matundu madogo ya kutoa maji. Vumbi na matope yakiyaziba, mlango unakuwa ndoo.

Ndani ya mihimili ya pembeni, ile mnayokanyaga mkiingia. Iko wazi ndani kama mwanzi, na maji yakiingia hayaoni njia.

Juu ya pine, ndani ya upinde. Matope yanashikamana pale na kukaa na unyevu siku nyingi.

Chini ya matapeti. Juu ni pakavu, chini bati linalala ndani ya maji kama mtoto aliyelowesha kitanda.

Kando ya mpira wa kioo cha mbele, katika pembe za sanduku la pikapu, na mahali popote palipopigwa sudiri bila kupakwa rangi upande wa ndani.

DAWA ZA BEI NDOGO

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa, kabla mvua hazijarudi. Ukianza wakati wa mvua unafungia maji ndani.

1. Maji na mti mwembamba. Dawa ya kwanza haina bei. Osha chini ya motokari, hasa juu ya pine, mpaka matope yote yatoke. Fungua matundu ya milango kwa mti mwembamba au waya. Ukibeba samaki au chumvi, mwaga maji safi ndani ya sanduku jioni ileile. Kisha acha motokari juani, milango wazi. Lakini usiingize motokari ndani ya ziwa au Lukuga ili kuiosha. Maji yanaingia katika breki na katika vyuma vya kuzungusha pine, na mafuta yako yanaingia katika maji ambayo jirani anachota kwa kunywa. Chota kwa ndoo, uoshe mbali.

2. Tapeti nje. Toa matapeti, yaanike, angalia bati. Usitandike plastiki chini yake ukifikiri unazuia maji: plastiki inayafunika yasikauke.

3. Kidonda kidogo kitibiwe kingali kidogo. Rangi ikikwaruzwa na chuma kinaonekana lakini bado hakijala kutu, kausha vizuri, paka rangi. Kama rangi haiko, hata rangi ya kucha ya dada yako, au mshumaa uliosuguliwa pale, inasaidia kwa majuma machache. Kama kutu imeanza, sugua kwa burosi ya chuma na karatasi ya msasa mpaka uone chuma kinang'aa. Usiache hata alama nyekundu pembeni. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye esansi kidogo sana, nje ya nyumba, bila moto wala sigara karibu, watoto wakiwa mbali. Ikikauka, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Wengi wanaishia kwenye ile ya kwanza kwa kukosa pesa. Ni kosa: rangi ile ya chini peke yake inanyonya maji.

Angalisho: rangi nyekundu ya zamani inayoitwa minyumu, na rangi nyingi za zamani, zina risasi ndani, nayo ni sumu kwa akili ya watoto. Usizisugue kavu. Lowesha karatasi ya msasa, funika pua na mdomo, kusanya vumbi, nawa mikono kabla ya kula.

4. Limao kwa vyuma vidogo. Chuma kinachoweza kutolewa, kama bulonzi au bawaba, kinaweza kulazwa katika maji ya limao usiku mmoja. Asidi yake inalegeza kutu. Baadaye osha kwa maji mengi, kausha palepale, paka mafuta. Usipokausha, kutu inarudi kabla ya jua kuzama. Kuna wanaotumia Coca-Cola, nayo ina asidi kidogo, lakini ina sukari pia, basi ni lazima kuosha zaidi. Mimi naona afadhali limao, na soda tuinywe.

5. Mafuta na nta. Hii ndiyo grisi ya Liemba, na ndiyo iliyosaidia pikapu yetu zaidi. Ndani ya milango na mihimili ya pembeni huwezi kufikisha msasa wala burosi, lakini mafuta yanafika. Babu alitufundisha hivi: katakata mishumaa ndani ya kopo, mimina mafuta mapya ya motere, weka kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, kwa maana mafuta yanaweza kushika moto. Nta ikiyeyuka, koroga. Dondosha tone moja juu ya chuma baridi: likigeuka kama grisi laini, inatosha. Likiwa gumu, ongeza mafuta. Likiwa maji, ongeza mshumaa.

Paka ikiwa bado ya moto kidogo, kwa burosi iliyofungwa kwenye mti mrefu. Ndani ya mihimili mimina kwa tundu la juu, halafu simamisha motokari penye mteremko ili mafuta yatembee mpaka mwisho. Kisha rudi na mti wako mwembamba, fungua tena matundu ya kutoa maji. Paka mara moja kabla ya mvua kuanza, na mara ingine mvua zikiwa katikati.

Msipake mafuta kwenye breki, kwenye bomba la moshi, kwenye mipira, wala kwenye nyaya. Breki yenye mafuta haishiki, na motokari isiyo na breki ni mbaya kuliko yenye kutu.

6. Mahali pa kulala. Motokari isilale juu ya majani mabichi, wala chini ya mti unaodondosha majani yenye unyevu siku zote. Penye kokoto au udongo mgumu ni pazuri. Paa la bati bila kuta linafaa. Plastiki iliyofungwa kama blanketi haifai: asubuhi utakuta maji yamejikusanya ndani yake.

DAWA ZA UONGO

Katika mtaa kuna mashauri mengi. Mengine yanaharibu.

Mafuta ya vidanje. Watu wengi wanapaka chini ya motokari mafuta yaliyotolewa kwenye motere, kwa kuwa ni ya bure. Yanazuia maji, ni kweli. Lakini yamebeba asidi na uchafu wa motere, yakikaa kwenye ngozi siku nyingi yanaweza kuleta ugonjwa mbaya, na mvua ikinyesha yanadondoka ardhini na kuteremka ziwani. Lita moja ya mafuta mapya inatosha sehemu nyingi za pikapu. Tusinywe uchafu wetu wenyewe.

Mafuta ya mawese. Yanachacha, na yakichacha yanatoa asidi. Tena yanaita sisimizi na panya, na panya wakifika wanakula nyaya. Acheni mawese yabaki jikoni kwa akina mama.

Lami juu ya kutu. Lami iliyopakwa juu ya chuma safi na kikavu inaweza kusaidia. Lakini juu ya kutu inakuwa kifuniko. Ikikauka inapasuka, maji yanaingia katika ufa, hayatoki tena. Nje unaona weusi mzuri, ndani chuma kinakwisha.

Mastiki ndani ya tundu. Mastiki ni ya kulainisha bati, si ya kushika mahali pa bati. Kama tundu liko kwenye bati lisilobeba uzito, unaweza kukata kipande cha bati, kukipaka rangi pande mbili, kukipigilia ripiti na kuziba pembeni. Kitashika kwa muda. Lakini tundu lililojazwa mastiki na karatasi ni mchezo wa kuigiza.

PALE AMBAPO HAKUNA DAWA NDOGO

Sasa nifike kwenye siku ambayo siisahau. Ilikuwa kiangazi cha 2023. Tulikuwa tumesugua, tumepaka rangi, tumemimina nta, na pikapu imependeza. Baba alikuwa amekwisha kupata mnunuzi: baba mmoja aliyetaka kuchukua abiria na mizigo katika barabara ya Moba. Walipatana bei. Alikuwa aje Jumatatu na pesa.

Jumamosi Babu akaja kuaga kazi. Akaniambia: "Mjukuu, leta turnevisi na nyundo."

Akaingia chini. Akawa anagonga shasi kwa nyundo, polepole, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinaimba. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, kama unagonga gunia. Aligonga ti, ti, ti, halafu tukasikia: pu. Ilikuwa upande wa nyuma, mahali resori inaposhikamana na shasi. Akaweka ncha ya turnevisi pale, akasukuma kwa mkono tu. Ikazama yote mpaka kwenye mpini.

Hakuna aliyesema neno. Babu akatoka, akajipangusa, akasema: "Papa, hapa nta yangu haina kazi. Hapa motokari inaweza kuvunjika na watu ndani."

Ndugu msomaji, hapa ndipo mpaka. Mafuta, rangi na nta ni kwa mwili wa motokari: milango, sanduku, upinde wa pine. Lakini kuna sehemu ambazo zinashika uhai wa watu: shasi, mahali pa resori, mahali mikanda ya viti inapofungwa, sakafu chini ya dereva, na mabomba membamba ya breki. Bomba la breki lililokwisha kula kutu mpaka linapukutika linaweza kupasuka siku utakapokanyaga kwa nguvu, na siku hiyo ni ile unayolihitaji. Sehemu hizi hazina dawa ya muda. Zinakatwa na kusudiriwa upya kwa chuma kinene na mtu anayejua, batri ikiwa imeondolewa na tangi la esansi likiwa mbali, au zinabadilishwa. Hata sudiri juu ya chuma kilichooza haishiki: ni lazima kukata mpaka kwenye chuma kizima.

Usiku ule nilisikia baba na mama wakiongea. Baba alisema kwa sauti ya chini: "Mwenye kununua hakulala chini kuangalia. Na rangi ni nzuri. Minervali ya watoto inafika mwezi wa tisa."

Mama akajibu: "Na watoto ya ile baba, wao hawapandake motokari?"

Baba hakujibu. Lakini Jumapili, tulipotoka kusali, hakurudi nyumbani pamoja nasi. Alikwenda kwa yule mnunuzi, akamleta, akamwonyesha turnevisi ikizama. Yule baba akaangalia sana. Akasema, "Asante, mzee," akaenda na pesa zake.

Miezi mitatu ile ilikuwa migumu, siwadanganye. Pikapu ilisimama juu ya matofali. Baba na mimi tulikodi pusipusi, tukawa tunasukuma samaki kutoka ufukoni mpaka sokoni kwa mikono. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani na shule mara mbili kwa sababu ya minervali. Vijana wenzangu walinicheka njiani. Lakini kidogo kidogo tulikusanya pesa za chuma na za msudiri, akakata pale palipooza, akaweka kipya, Babu akisimama kando na nyundo yake mpaka chuma kikaimba.

Pikapu ingali ikitembea. Si mpya, na kutu haijaisha. Iko ndani ya mlango wa kushoto, najua mahali ilipo, nayo inaendelea polepole. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, mimi na mdogo wangu tunatoa matapeti, tunafungua matundu kwa mti mwembamba, tunayeyusha mishumaa. Mwisho baba analala chini yake na nyundo, sisi tunanyamaza wote, tunasikiliza.